Heshima Haipimwi kwa Mkwaju Mmoja

Juma hili tumeona vema tutafakari juu ya sifa njema: mtu huipata wapi, na ni nani mwenye mamlaka ya kumnyang'anya? Mfano wetu ni Miodrag Belodedici, beki wa Romania aliyekwisha kustaafu soka, ambaye wapenzi wa mchezo nchini mwake walimpa jina la Paa kwa wepesi wake uwanjani.

Alizaliwa mwaka 1964 katika kijiji cha Socol, mpakani na Yugoslavia ya wakati ule, katika familia ya Waserbia. Mwaka 1986, mjini Sevilla, alikuwa katika kikosi cha Steaua ya Bucharest kilichoishinda Barcelona na kutwaa Kombe la Ulaya. Watu wakamshangilia. Mwishoni mwa 1988 akavuka mpaka, asirudi. Utawala wa Nicolae Ceaușescu ukamwita msaliti, naye akahukumiwa kifungo cha miaka 10 bila kuwapo mahakamani.

Utawala huo ulianguka Desemba 1989. Mwaka 1991, mjini Bari, Belodedici alifunga mkwaju wake wa penalti, Red Star ya Belgrade ikaishinda Marseille. Akawa mchezaji wa kwanza kucheza na kushinda fainali za kombe hilo akiwa na klabu mbili tofauti. Kisha akaivaa tena jezi ya Romania.

Ikaja tarehe 10 Julai 1994, huko Marekani, robo fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Sweden. Baada ya sare ya 2-2 zikapigwa penalti. Mkwaju wa mwisho ulikuwa wake, na kipa Thomas Ravelli akaudaka moyo wa taifa zima. Romania haijawahi kufika mbali zaidi ya hapo. Hata hivyo hakutupwa: aliitwa kikosini katika Mashindano ya Ulaya ya 1996 na tena ya 2000, akiwa na umri wa miaka 36.

Wapo watakaosema kwamba aliwakimbia wenzake walipokuwa katika dhiki. Hoja hiyo si nyepesi. Lakini nchi iliyowafungia watu wake mpaka ilikuwa na haki gani ya kudai uaminifu wao?

Sisi twaona kwamba watu walimpima kwa kazi ya miaka mingi. Beki hufanya kazi isiyopigiwa makofi; mara nyingi huonekana pale tu anapokosea. Ndivyo walivyo wengi katika nyumba zetu: mama aliyelea watoto saba na kulaumiwa kwa mmoja, mweka hazina aliyetunza fedha za kikundi miaka 10 na kukumbukwa kwa hesabu moja isiyolingana.

Basi, kabla ya kumwita mtu msaliti, tuulize ni nani aliyeanza kumwita hivyo, na kwa faida ya nani. Na kabla ya kumhesabia mkwaju aliokosa, tumhesabie kwanza mipira yote aliyotuokolea.