Mtembea Bure Si Sawa na Mkaa Bure

Ewe msomaji kijana, katika lugha yetu ziko methali mbili zigombanazo. Ya kwanza yasema kuwa mtembezi hula miguu yake. Ya pili yasema kuwa mtembea bure si sawa na mkaa bure. Ile ya kwanza hupendwa sana na wazazi na walimu, nayo hutolewa kila mara kijana aonekanapo akifunga kamba za viatu ili aende asikotumwa. Ile ya pili imesahauliwa kama jembe lililoachwa nyuma ya nyumba. Katika insha hii nakusudia kuitetea hiyo iliyosahauliwa. Tena nasema wazi tangu mwanzo ya kuwa kijana wa Kenya amalizaye shule ya sekondari bila ya kutembea kwa miguu, au kupita kwa baiskeli, katika msitu mmoja au hifadhi moja ya nchi yake, elimu yake ina tundu, na tundu hilo halizibwi na cheti.

Najua kwamba nitapingwa. Basi afadhali hoja za wapinzani tuzilete mbele moja moja, tuzipime.

Hoja ya kwanza ni kwamba kupanda milima na kuendesha baiskeli msituni ni mchezo wa wageni na matajiri. Asemaye hivi amewasahau wazee wake. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilitoka bara ikafika pwani kwa miguu, ikichukua pembe za ndovu na kurudi na nguo na shanga. Mwaka 1899 Mwingereza Halford Mackinder alipokifikia kilele cha Batian katika Mlima Kenya, ambacho kimo chake ni meta 5,199, mizigo ya safari yake ilikuwa imechukuliwa na wapagazi Waswahili na Wakikuyu. Vitabu vyakumbuka jina la aliyesimama kileleni. Majina ya waliochukua mizigo hayakumbukwi na wengi. Lakini uhuru ulipopatikana mwezi wa Desemba mwaka 1963, na bendera ya Kenya ikasimamishwa juu ya mlima huo huo, aliyeisimamisha alikuwa Mkenya, Kisoi Munyao. Je, huyo naye alikuwa mgeni?

Na baiskeli je? Baiskeli ni chombo cha muuza maziwa, cha muuza mkate na cha mchukuzi wa mkaa. Hata jina la bodaboda, ambalo siku hizi tumeipa pikipiki, lilianzia kwa baiskeli zilizochukua abiria mpakani Busia, baina ya Kenya na Uganda. Wakimbiaji wetu waliolipa taifa letu sifa duniani walijenga vifua vyao kwa kukimbia katika njia za vumbi na za msituni huko Iten na Kaptagat. Kutembea hatukukuazima kwa mtu. Tulichokiazima ni aibu ya kutembea, yaani ile dhana ya kuwa mwenye heshima ni yule akaaye ndani ya gari na kuitazama nchi yake kupitia kioo.

Hoja ya pili ni kwamba matembezi hupoteza wakati wa masomo. Hii ndiyo hoja ya walimu wenzangu, na kwa muda mrefu ilikuwa yangu pia. Kosa nitakalolieleza ni langu mwenyewe. Mwaka mmoja nilifuatana na wanafunzi hadi Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 1984, ni mojawapo ya hifadhi chache za taifa nchini ambamo mtu huruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia, twiga na ngiri. Lakini sisi tulikuwa na ratiba, dereva alikuwa na haraka, nami niliogopa kuchelewa. Tukapita ndani ya basi, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Mnara wa Fischer, ule mwamba usimamao peke yake kama kidole, tuliutazama kwa kadiri ya muda wa kupiga picha. Tuliporudi shuleni niliwaagiza wanafunzi waandike insha juu ya safari. Wengi waliandika habari za basi: nani alikaa na nani, nyimbo gani ziliimbwa, na mkate ulitosha au haukutosha. Sikuweza kuwalaumu. Waliandika walichokiona.

Mwaka uliofuata tuliliacha basi langoni. Tulikodi baiskeli chache, wanafunzi wakapokezana. Waliokuwa hawana baiskeli walitembea. Tulipofika kwenye mnara ule, walishuka wakaugusa. Niliwaeleza ya kuwa mwamba huo zamani ulikuwa uji wa moto uliopanda kutoka chini ya ardhi na kuganda katika koo la volkeno, kisha mvua na upepo vikaula udongo na mawe laini yaliyouzunguka, ukabaki peke yake. Maneno hayo nilikuwa nimekwisha kuyaandika ubaoni mara nyingi, na mara nyingi yalifutwa pamoja na chaki. Lakini siku ile msichana mmoja, ambaye darasani hakuwa na desturi ya kuuliza, aliegemeza baiskeli yake akasema, "Mwalimu, moto huo umekwisha, au ungali chini yetu?" Tulipoendelea na njia tuliyaona mabomba ya mvuke ya Olkaria, ambako joto la ardhini limezalisha umeme tangu mwaka 1981. Sikumjibu kwa maneno, nilimwonyesha mabomba. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba taa ya kwao basi huwaka kwa moto ule. Niulize, msomaji, kama siku ile tulipoteza wakati!

Hoja ya tatu ni ya hatari, na hii naiheshimu. Ndani ya hifadhi hiyo hiyo liko korongo la Ol Njorowa, ambamo maji yamechonga kuta ndefu za mwamba. Mafuriko ya ghafla yaliua watu ndani ya korongo hilo mwaka 2012, yakaua tena mwaka 2019. Mwenye kuyapuuza mambo hayo hastahili kukabidhiwa watoto wa watu. Lakini tuulize vifo hivyo vyatufundisha nini. Vyatufundisha ya kuwa mvua inyeshayo mahali pa juu hushusha maji korongoni kwa nguvu, hata kama juu ya kichwa chako jua lawaka. Hilo ni somo la jiografia, na asiyelijua yumo hatarini popote aendapo, hata avukapo kijito cha nyumbani kwao. Kumficha kijana asizione hatari si kumlinda. Ni kuahirisha siku atakayokutana nazo akiwa mjinga.

Kwa hiyo afundishwe. Asiingie korongoni wakati wa mvua, wala mawingu yakiwa mazito upande wa juu. Askari wa hifadhi akimkataza, asishindane naye. Aende pamoja na wenzake, tena amwambie mtu njia atakayopita na saa atakayorudi. Achukue maji ya kunywa. Asimsogelee mnyama kwa ajili ya picha, na hasa asimsogelee nyati. Kabla ya kuteremka kilima ajaribu breki zake, avae kofia ngumu, na apigapo kona asikojua kilichoko mbele apunguze mwendo. Aonapo watembeao kwa miguu apige kengele na kuwapisha, maana njia ni ya wote. Haya ni mambo machache, na kijana ayashikaye huwa amejifunza pia kujitawala.

Hoja ya nne ni ya fedha. Hapa nakiri kwamba wapinzani wana haki kwa kiasi fulani. Si kila mzazi awezaye kulipa kiingilio, nauli na kodi ya baiskeli. Wenye mamlaka nao wasijifiche: hifadhi iitwayo ya taifa, ambayo mwana wa taifa hawezi kuiingia kwa sababu ya umaskini wa wazazi wake, jina lake lina kasoro. Lakini umaskini usigeuzwe kuwa kisingizio cha wavivu. Nimeona shule zikikodi mabasi kwenda mbali ili wanafunzi wakatazame majengo marefu na maduka makubwa, kisha shule hizo hizo zikasema hazina fedha za kuutembelea msitu ulio karibu. Mwanafunzi wa Kakamega ana msitu wa mvua mlangoni pake. Wa Kilifi ana Arabuko-Sokoke. Wa Kwale ana Shimba. Wa Kajiado ana vilima vya Ngong. Safari ya karibu gharama yake ni ndogo, na mwenye miguu miwili hana haja ya kuingoja baiskeli.

Sasa nimefika kwenye jambo lililonifanya niishike kalamu. Mpaka hapa nimesema juu ya faida ya kijana mwenyewe. Lakini iko faida nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni ya nchi. Msitu usiotembelewa hauna shahidi. Na kisicho na shahidi huibwa.

Utazame Msitu wa Karura, ulio ndani ya jiji la Nairobi. Msitu huo una yapata hekta 1,000, na ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932. Hata hivyo, katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa watu binafsi kwa siri ili majumba yajengwe. Mwaka 1998 habari ikafichuka. Profesa Wangari Maathai na wenzake waliingia msituni wakiwa na miche mikononi. Tarehe 8 Januari 1999 walishambuliwa na walinzi walipokwenda kupanda miti, naye akajeruhiwa kichwani. Wanafunzi wa chuo kikuu nao waliandamana kwa ajili ya msitu huo. Mwezi wa Agosti mwaka huo Rais alitangaza kuusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Miti ikasalia. Mwaka 2004 mama huyo alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Lakini kuokoka huko hakukutosha. Kwa miaka kadhaa baadaye wakazi wengi wa Nairobi waliuogopa msitu waliopiganiwa. Ulikuwa maficho ya wezi na kazi ya wakata miti wa magendo. Ulipozungushiwa ua na njia zake zikafunguliwa kwa umma, wazee wakaanza kutembea humo asubuhi, wazazi wakaja na watoto, vijana wakaja na baiskeli. Leo zimo zaidi ya kilometa 50 za njia, zipitazo penye maporomoko ya maji na mapango. Waendao huko wengi hawafikiri kwamba wanafanya kazi ya ulinzi. Hufikiri wanajiburudisha tu. Lakini kila unyayo ni jicho, na mwizi wa miti haipendi njia yenye macho.

Fikiri basi juu yako wewe, msomaji. Leo umekaa kwenye dawati. Baada ya miaka 20 huenda ukawa karani wa ardhi, diwani, hakimu au waziri. Siku moja karatasi italetwa mezani kwako, imeandikwa kwa maneno laini, ikikuomba utie sahihi ili kipande cha msitu fulani kikatwe. Aletaye karatasi atakuwa mtu mwenye adabu, tena huenda akawa na bahasha. Utafanya nini? Kama msitu huo kwako ni doa la kijani kibichi katika ramani, utatia sahihi na kwenda kula chakula cha mchana. Lakini kama uliwahi kutembea humo ukiwa na miaka 16, ukasimama darajani kusikiliza maji, ukapata pancha ukasukuma baiskeli mpaka langoni huku wenzako wakikucheka, kalamu yako itasita. Mtu hakitetei asichokijua. Hilo ndilo lililo hatarini tunapowafungia vijana wetu ndani ya kuta nne na kuuita ufungwa huo elimu.

Nawaambia walimu wenzangu: ratiba zetu si Msahafu wala si Biblia. Siku moja katika muhula ikitolewa kwa ajili ya msitu, hakuna mtihani utakaoanguka kwa sababu hiyo. Nawaambia wazazi: mwana arudiye jioni na viatu vyenye matope huenda akawa amejifunza kuliko yule ambaye amekesha sebuleni akitazama simu. Nawe, kijana, usingoje mpaka uruhusiwe na ulimwengu mzima. Omba ruhusa kwa wakubwa wako kwa adabu, tafuta mwenzako wa kuandamana naye, mwombe mwalimu wako awaongoze, na mkatae kukaa ndani ya basi.

Ama ile methali ya kwanza, kwamba mtembezi hula miguu yake, mimi siivunji. Ilisemwa kwa ajili ya mtu azururaye nyumba kwa nyumba akitafuta maneno ya kusengenya na sufuria ya kufunua. Huyo na aile miguu yake. Wewe itumie ya kwako kuijua nchi uliyorithi, kabla ya wengine kuigawa nawe umeketi.