Ustawi wa Jamii Hausomwi Ofisini

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imetaka mzee wa miaka 60 au zaidi asiye na uwezo atibiwe bure. Maneno mazuri. Lakini bibi wa Makole asiyejua kusoma, ambaye hakuna aliyemwambia kwamba aanzie kwa mtendaji kutafuta barua, atafaidi nini? Ataketi na maradhi yake, na haki yake italala kabatini.

Mtu wa kuifikisha haki hiyo mlangoni ni afisa ustawi wa jamii. Basi tuulize, wananchi: mtu huyu anafundishwaje?

Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyoko Kijitonyama, Dar es Salaam, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, mwaka ule ule ulipokatwa uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma. Wanafunzi wa kazi hii husoma, kisha hupelekwa mazoezini. Hilo ni jema. Lakini mwanafunzi akiketishwa ofisini kupanga mafaili mpaka muda uishe, amejifunza mafaili, hakujifunza watu. Sisi tuliosomea ualimu twajua: hafuzu mtu mpaka asimame mbele ya watoto, mkaguzi akimtazama.

Wako watakaosema, walazimishwe kutumika. Tujihadhari. Jeshi la Kujenga Taifa lilianza mwaka 1963. Mwaka 1966 ilipoamriwa wahitimu wa vyuo walitumikie kwa sehemu tu ya mshahara, wanafunzi waliandamana Oktoba hata Ikulu, na karibu 400 wakafukuzwa. Mwalimu Nyerere akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mafunzo ni mawili: utumishi usioeleweka huonekana adhabu, na mkubwa aombaye jasho la vijana hana budi kutangulia yeye.

Kwa hiyo elimu ya uraia na utumishi viende pamoja. Mwanafunzi aijue Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Ajue mkutano wa mtaa huitishwa na nani, na mwananchi ana haki ya kuuliza nini. Kisha apewe mtaa wake. Ajifunze kuitikia "Mbukwenyi". Awahesabu wazee waliokosa msamaha wa matibabu, awatafute watoto wasiokwenda shule, akae na jamaa za mgonjwa aliyerudi kutoka Mirembe ambaye majirani wanamkimbia. Siku ya mwisho asimame mkutanoni aeleze alichofanya, na wananchi nao wampime, si mwalimu wake peke yake.

Nasi wanachama tusikae tukitazama. Mabalozi, mchukueni kijana huyo nyumba kwa nyumba, mwonyesheni hata tunayoyaonea haya. Viongozi, tangulieni naye juani. Taifa halina haja ya msomi anayewahurumia watu kwa mbali. Lina haja ya mtumishi anayewajua kwa majina.