Kansa ya damu: damu safi si mwisho wa matunzo

Mgonjwa wa kansa ya damu anapewa kemoterapi, homa inashuka, nguvu zinarudi, vipimo vinaonyesha damu safi. Miezi inapita, ugonjwa unarudi, na safari hii dawa ileile haiuwezi. Familia inajiuliza: je, dawa ilikuwa mbaya?

Wataalamu wametafuta jibu kwa kufuata ukoo wa seli. Kila seli inapogawanyika, inarithisha wazao wake alama zilizo ndani ya DNA. Ukilinganisha alama za siku ya kwanza na za siku ugonjwa uliporudi, unajua nani kamzaa nani. Mwaka 2012, watafiti wa St. Louis, Marekani, walifanya hivyo kwa wagonjwa 8 wenye aina moja kali ya kansa ya damu. Mwaka 2017, wenzao wa Toronto, Kanada, walionyesha kwamba seli zilizorudisha ugonjwa zilikuwamo mwilini kabla ya matunzo kuanza, nyingine zikiwa chache mno. Dawa iliua nyingi. Chache sugu zikabaki, zikazaa.

Kwa hiyo damu safi si mwisho wa vita. Kwa watoto wenye kansa ya damu iliyo ya kawaida zaidi katika umri wao, matunzo huendelea miaka 2 hadi 3, ili kumaliza seli zilizojificha. Katika nchi tajiri, wengi wao wanapona.

Hapo ndipo Goma inaumia. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500, na uwanja wa ndege ulifungwa Januari 2025, M23 ilipoingia mjini. Kunabaki kuvuka mpaka: Butaro, Rwanda, penye kituo cha kansa tangu 2012, au Kampala, ambako taasisi ya kansa ilifunguliwa 1967. Safari moja familia inaweza kuchangiwa. Lakini miaka 2 ya kwenda na kurudi, nani ataiweza?

Wanaoshika madaraka, pande zote, na mashirika ya misaada wanahesabu, kwa haki, risasi, kipindupindu na njaa. Waihesabu na kansa. Dawa zake zipite bila kukwama, na mgonjwa mwenye barua ya daktari asizuiwe mpakani. Nao wazazi wasiache dawa kwa sababu mtoto ameanza kucheza tena. Seli iliyobaki haijui kwamba barabara imefungwa. Yenyewe inaendelea kuzaa.