Waumini na Pwani ya Malindi

Wakristo wa Unguja ni wachache, na pengine ndiyo sababu sauti yao haisikiki sana panapozungumzwa habari za bahari na misitu. Uchache huo hauwaondolei wajibu. Kitabu cha Mwanzo, katika sura yake ya pili, kinaeleza kwamba binadamu aliwekwa bustanini akakabidhiwa kazi mbili, kuilima na kuitunza. Wahubiri wengi wameishika ile ya kwanza. Ya pili wameiachia Serikali.

Nayo Serikali peke yake haiwezi. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, lakini afikaye diko la Malindi maji yakiwa yamekupwa atajionea mwenyewe taka zilizobaki mchangani. Askari hawezi kusimama nyuma ya kila mnunuzi wa dagaa.

Huko Kilimanjaro, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri limeonyesha njia. Askofu Fredrick Shoo, aliyewahi kuwa Mkuu wa kanisa hilo nchini, alipata kuitwa Askofu wa Miti kwa jinsi alivyowahimiza waumini kupanda miti kwenye miteremko ya mlima ambao barafu yake inazidi kupungua. Kazi hiyo ikaingizwa katika malezi ya vijana wa kipaimara. Hili ndilo tunalolikazia: mti haukuachwa uwe jambo la siku ya sherehe na picha, bali ulifungamanishwa na malezi ya imani yenyewe. Papa Francis naye alitoa waraka wake, Laudato Si', mwaka 2015. Ni waraka mzito, lakini waraka haupandi mkoko.

Ndugu zetu Waislamu wametangulia. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, kilifanywa hifadhi mwaka 1998, na wavuvi wakaelezwa kwa mafundisho ya Kurani kwamba mwanadamu ni khalifa na bahari ni amana mikononi mwake. Hoja hiyo iliwaingia wengi kuliko tishio la faini.

Kanisa la hapa lisite kwa lipi? Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini limesimama palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Uwepo wake ni ushahidi kwamba kiumbe wa Mungu si bidhaa. Haliwi jambo geni basi kufundishwa humo kwamba hata mikoko ya Ghuba ya Chwaka, inayokatwa kwa kuni na boriti, ina Mwenyewe.

Twapendekeza vijana wa Mkunazini na wa Minara Miwili, kabla ya kupokea kipaimara, waende Chwaka kwa idhini ya masheha wakapande mikoko pamoja na wanakijiji, ambao ndio wajuao ni wapi panafaa mkoko na wapi mchu. Na Jumapili moja kila mwezi, baada ya ibada, wateremke Malindi. Wasiende kuhubiri, wachukue makapu.