Jicho Lisilo Ugonjwa

Msomaji, huko Korea Kusini mtihani mkuu wa kuingia vyuo vikuu hufanywa kila mwaka mwezi wa Novemba. Mtihani ukiisha, wako wanafunzi ambao hawaendi kupumzika, bali huenda kwa daktari kupasuliwa kope. Na mara nyingi mlipaji ni mzazi, ambaye huyaita malipo hayo zawadi. Ni zawadi gani hii imwambiayo mtoto kwamba uso aliozaliwa nao wahitaji kusahihishwa?

Kope za juu za watu wengi wa Asia ya Mashariki hazina mkunjo. Hapo hapana dosari: zafumba, zafumbua, na macho yaona. Daktari hutia ganzi, akafanya mkunjo kwa kisu au kwa uzi. Kisha huja gharama ya pili, isiyotangazwa sana. Macho huvimba, na ngozi huwa nyeusi kama ya mtu aliyepigwa ngumi. Mgonjwa hulala kichwa kikiwa juu ya mito, hukandwa kwa barafu, na aliyepasuliwa kwa kisu hutolewa nyuzi baada ya juma moja hivi. Uvimbe mwingi hupungua kwa majuma mawili, lakini umbo lenyewe hukawia miezi kutulia. Wengine hubaki na macho makavu, au kope zisizofumba sawasawa, au jicho moja lisilofanana na la pili. Nimesema mgonjwa? Nisamehe, alipoingia alikuwa mzima.

Simsemi mtu ambaye kope yake imelegea hata ikamziba asione. Huyo ana haja ya tiba.

Upasuaji huu si mpya. Mikamo, daktari wa Japani, aliandika habari zake mwaka 1896. Mwaka 1954, vita vya Korea vilipokwisha, daktari wa jeshi la Marekani, Ralph Millard, aliufanya katika nchi hiyo. Mmoja wa aliowapasua alikuwa mkalimani, aliyelalamika kuwa Wamarekani hawakumwamini kwa ajili ya umbo la macho yake. Itazame hukumu hiyo! Maradhi yalikuwa katika fikira za watazamaji, kisu kikapelekwa usoni mwa mtazamwa.

Nitajibiwa kuwa wako Wakorea waliozaliwa na mkunjo, na kwamba wenyewe waupenda bila ya kumwiga mgeni. Kila mtu ana hiari ya mwili wake. Yawezekana. Lakini hiari hiyo ilikuzwa na nani, ikiwa kwa miaka mingi kuta za stesheni za reli mjini Seoul zilijaa picha za nyuso kabla na baada ya kupasuliwa? Wala tusiwacheke, sisi ambao twawajua jirani zetu wanaojichubua ngozi kwa krimu.

Basi simshitaki msichana aliyelala na barafu machoni. Namshitaki yule aliyemwambia, alipokuwa na umri wa miaka 12, kwamba ana macho ya usingizi. Huyo leo yuko kazini kwake, na hana jeraha lolote.