JavaScript haijakosea hesabu

Ndugu mwandishi anadai JavaScript haijui kujumlisha, eti fomu yake ya ankara ilitoa 0200300 badala ya 500. Si kweli. Kisanduku cha fomu hurudisha maandishi, hata kile cha namba. Na alama ya + ikikutana na maandishi huyaunganisha tu. Ndani ya kitanzi angeandika jumla += Number(kisanduku.value), mambo yakaisha, kisanduku kitupu kingehesabiwa 0. Tena hiyo parseFloat anayoisifia ndiyo ya kuogopa: mteja akiandika 1,500 kwenye kisanduku cha maandishi, inasoma 1 na kunyamaza. Shilingi 1,499 zimeyeyuka! Number hutoa NaN, kosa likaonekana. Arekebishe mstari wake, lugha aiache.