Boti Iliyopauka na Somo la Kemia

Boti kuukuu ya alumini ikilala kifudifudi kwenye nyasi za ufuo wa Ziwa Naivasha, upande wa kuteremkia kutoka Ndabibi, wapitao hudhani imekwisha. Buluu yake imegeuka kijivu, na ukiipitishia kiganja unabaki na unga kama wa chaki. Mwenye boti, akipata pesa kidogo, hununua mkebe wa rangi na kuipaka juu ya unga ule ule. Mvua za msimu mmoja zikipita, rangi huambuka, naye muuza rangi hulaumiwa.

Lawama hiyo, kwa maoni yangu, ni yetu sisi walimu. Kila mwaka tunaandika ubaoni kwamba alumini ikikutana na hewa hujivika utando wa oksidi papo hapo. Wanafunzi hunakili, hukariri na kufaulu. Ni wangapi wanaoambiwa kwamba utando huo ndio unaoikinga sufuria ya nyumbani isiendelee kuliwa na hewa na maji, na kwamba ndio huo huo unaoinyima rangi mahali pa kushika?

Jua nalo lina sehemu yake. Ziwa hili liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, chini ya digrii moja kutoka ikweta, na miale ya urujuanimno ni mikali mno. Miale hiyo huivunja gundi iliyoshikanisha chembe za rangi, nazo chembe hubaki juu zikiwa unga. Kwa hiyo rangi iliyopauka si lazima iwe imekufa. Ioshwe kwa maji na sabuni, kisha sehemu ndogo isuguliwe kwa dawa ya kung'arishia wanayotumia mafundi wa magari. Buluu ya zamani ikiibuka, kazi iliyobaki ni kung'arisha boti nzima na kuipaka nta. Hakuna haja ya mkebe mpya.

Pale chuma chenyewe kilipojitokeza, mambo ni mengine. Hapo hutakiwa msasa, na siku hiyo hiyo, kabla utando haujakomaa, rangi ya msingi iliyotengenezewa alumini. Waya wa chuma wa kusugulia vyombo usitumike, kwa maana vipande vyake hubaki na kuila alumini penye unyevu. Rangi zenye shaba, ambazo mabaharia hupaka chini ya vyombo vyao ili viumbe vya bahari visigande, zinaidhuru alumini vivyo hivyo. Tena, rangi za zamani huenda zina madini ya risasi. Msasa uloweshwe, pua zifunikwe, na vumbi likusanywe mbali na maji. Ziwa hili, lililoingizwa mwaka 1995 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, ndilo tunalovua samaki wetu.

Wako watakaosema hayo ni urembo tu. Sivyo. Upepo wa alasiri katika Naivasha huchafua maji ghafla, na viboko hawapigi hodi. Boti ya kijivu kati ya mafunjo na mawimbi ya kijivu haionekani na anayekuja kuokoa, wala namba iliyofutika ubavuni haisomeki.

Ziwa lenyewe limeijua alumini tangu zamani. Kuanzia mwaka 1937 ndege za majini za Imperial Airways, zenye viunzi vya aloi ya alumini, zilitua hapa na abiria wa kutoka Uingereza. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 uliahidi kazi za mikono, lakini karakana nyingi hazikujengwa. Mtaala wa umilisi uliofuata unaahidi yayo hayo, na shule nyingi bado zinangoja vifaa.

Somo hili halihitaji karakana. Mwalimu wa sayansi na atafute sufuria iliyotoboka, aikate vipande vitatu. Kimoja kipakwe rangi kilivyo. Cha pili kisuguliwe msasa kwanza. Cha tatu kisuguliwe, kipakwe rangi ya msingi, ndipo kipakwe rangi. Vyote vitundikwe juu ya paa la darasa hadi masika yaishe, kisha wanafunzi wapande ngazi na kucha zao wakavikwaruze.